Nilivyoposa Kazi ya Simu Iringa

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya simu nilipanda lori ambalo halikuja kunichukua mimi. Lilisimama Ipogolo, chini ya mlima wa Iringa, asubuhi ya ukungu. Dereva akatoa kichwa dirishani akaita, "Mzee wa jembe yuko wapi? Bwana Waya anamtaka kazini!" Mzee wa jembe alikuwa baba yangu mdogo, Mzee Luhwago. Yeye hakuwa ameomba kazi. Mwenye kuomba kazi nilikuwa mimi, na nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni na kikombe cha uji mkononi, nikiwa sijapata jibu lolote.

Vijana wananijia siku hizi hapa Ilomba, Mbeya, wakiniuliza, mzee, mtu akishafanya usaili afanye nini? Angoje nyumbani au arudi kuuliza? Wananiuliza mimi kwa sababu wanajua nilianza kazi enzi za Mwingereza nikiwa fundi msaidizi, nikamaliza nikiwa mkuu wa mafundi wa laini yote ya kati ya Mbeya na Iringa, na sikubebwa na mtu kwa jina la ukoo. Nawajibu kwa kuwasimulia jinsi mimi nilivyofuatilia kazi yangu, maana sijasikia mwingine aliyefuatilia namna ile.

Nilizaliwa hapa Ilomba, wakati huo mashamba ya viazi yakifika hadi mahali palipojengwa maduka. Nikiwa kijana nilikwenda migodi ya shaba ya Rodesia ya Kaskazini kama wenzangu wengi. Wenzangu walirudi na baiskeli, gramafoni na kofia. Mimi nilirudi na hivyo vyote pamoja na diploma ya umeme na simu. Niliisoma kwa posta, kwenye kambi ya wachimbaji, nikiandika majibu yangu juu ya sanduku la nguo wakati wengine wanacheza karata. Mwalimu wangu sikumwona hata siku moja. Mtihani nilisimamiwa na padri. Ilipokuja ile karatasi yenye muhuri mwekundu, msimamizi wa simu za mgodi alinitoa chini ya ardhi akaniweka kwenye swichibodi, ile meza yenye matundu ambamo simu ya huyu huunganishwa na ya yule kwa kamba. Kwa hiyo niliporudi Mbeya kwa likizo sikurudi kama mtu wa kubahatisha. Nilijua thamani yangu.

Mama yangu alinipokea vizuri, lakini usiku wa pili akaniambia neno moja. "Mwanangu, ukipanda tena gari la migodi, mimi utanikuta nimeshazikwa. Nakwambia mapema ili usije ukalia kwa mshangao." Hakuwa mtu wa kutisha watu. Mume wake, yaani baba yangu, alikuwa amekwenda huko huko, na aliyerudi lilikuwa blanketi lake tu. Nafasi yangu mgodini ilikuwa inanisubiri hadi mwisho wa likizo, na lori la wakala wa migodi lilikuwa likichukua watu Mbeya kila mwezi. Basi ilinipasa nipate kazi ya kweli hapa nyumbani kabla likizo haijaisha, au nimwache mama yangu mara ya pili.

Habari zikaja kwamba idara ya simu inataka fundi msaidizi wa laini, na usaili, ambao sisi tuliuita intavyuu, unafanyika Iringa. Nikafunga suti yangu kwenye karatasi, nikapanda basi. Nilifikia Ipogolo kwa mama mdogo, ndugu wa mama yangu aliyeolewa na Mhehe, ndiye huyo Mzee Luhwago.

Aliyenisaili alikuwa Mhandisi wa Simu, Mzungu mrefu ambaye watu wote walimwita Bwana Waya. Kiswahili chake kilikuwa cha mtihani wa serikali, kimenyooka kama nguzo. Aliniuliza swali ambalo nalikumbuka hadi leo. "Waya ukinyamaza, utajuaje sababu yake?"

Nikamjibu bila kupumua. Waya hunyamaza kwa sababu tatu. Umekatika, na hapo sauti haina njia. Au waya mbili zimegusana, na sauti inarudi kabla ya kufika. Au kikombe kimepasuka, kile kikombe cheupe cha kaure juu ya nguzo kinachoushika waya, na sauti inashuka kwenye nguzo na kumezwa na ardhi. Kila kimya kina dawa yake, nikasema, na fundi asiyejua tofauti atapanda nguzo zote bure.

Bwana Waya akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akauliza, "Na Rodesia? Utarudi lini?"

"Wakati wowote nikitaka, Bwana. Kule wananisubiri."

Nilisema hivyo ili ajue hanunui mtu wa barabarani. Akasema, "Vema. Tutakuita." Nikatoka nikijua kazi ni yangu.

Sikuitwa. Nikapanda mlima kwenda mjini kuuliza. Aliyekaa mlangoni kwa Bwana Waya alikuwa Karani Mkuu, mtu wa pwani mwenye koti jeupe na maneno yaliyopigwa pasi.

"Shikamoo, Bwana Karani."

"Marahaba. Bado."

"Sijauliza, Bwana Karani."

"Ulitaka kuniuliza hali ya watoto wangu? Hawajambo. Na jibu lako bado."

Nikashuka mlima. Baada ya siku chache nikapanda tena, akaniambia bado. Mara ya tatu nikamuuliza, "Bwana Karani, hiyo bado maana yake ni hapana?"

Akaweka kalamu chini. "Kijana, Kiswahili kina neno hapana. Ningelitaka ningelitumia. Nyinyi watu wa bara mnakichukua Kiswahili kama sufuria ya kuazima, mnapikia chochote. Bado ni bado."

Mimi ni mtu wa kutaka kujua. Hilo ndilo lililonipa diploma. Basi usiku wote nikawa nalipima lile neno kama fundi anavyoupima waya. Je, njia imekatika, yaani kazi amepewa mwingine? Au maneno yangu yamegusana na maneno ya mtu mwingine, yakarudi kabla ya kufika kwa Bwana Waya? Au kuna mahali yanamezwa na ardhi? Kozi yangu ya posta ilikuwa na somo zima la kuomba kazi, nami nililifuata. Niliandika barua ya kushukuru kwa Kiingereza safi. Nayo ikajibiwa kwa kimya. Somo la posta halikuwa na ukurasa wa baada ya hapo.

Mama mdogo ndiye aliyenikatisha. Alikuwa anachambua mboga, akaniona navaa tena suti.

"Unakwenda wapi?"

"Mjini, kuuliza jibu."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe, mama mdogo. Atakwenda nani?"

Akacheka mpaka mboga zikamwagika. "Wewe na diploma yako! Umeona wapi mwanamume anakwenda mwenyewe kwa wakwe kuuliza kama wamekubali?"

"Hii ni kazi, si mke."

"Umeomba?"

"Nimeomba."

"Wamekuona sura?"

"Wameniona."

"Wamesema watatoa jibu?"

"Wamesema."

"Sasa tofauti iko wapi? Unakwenda pale kila siku unawafanya wakuchoke. Luhwago! Hebu njoo umsikie mtoto huyu."

Sasa niwaeleze kuhusu baba yangu mdogo. Kwa riziki alilima mahindi na vitunguu kando ya mto. Kwa jina, alikuwa mshenga. Familia nyingi za Ipogolo na za mjini zilipotaka kuoa zilimtuma yeye, na alikuwa na taratibu zake ambazo hakuzivunja kwa mtu yeyote. Alikwenda asubuhi. Alikwenda na jembe jipya. Safari ya kwanza hakumtaja kijana anayeposa, alizungumza kana kwamba haja ni yake, ili wakikataa aibu imwangukie yeye na si nyumba ya kijana. Jembe aliliegemeza mlangoni. Wakiliingiza ndani, wamekubali. Wakimrudishia mkononi, anaaga kwa adabu na hasemi kitu njiani. Safari ya pili ndipo alipomleta mwenyewe na kumtaja kwa jina.

Alinisikiliza, akauliza swali moja tu. "Huyo mwenye nyumba ni mtu wa kelele?"

"Hapana. Ni mpole."

"Wapole ndio wagumu," akasema, akaenda kutafuta jembe.

Nilimwambia haifai. Nilimwambia Wazungu hawaposwi. Lakini likizo yangu ilikuwa inakwisha, na moyoni, nikisema kweli, nilikuwa nataka sana kuona itakuwaje. Nikamwacha aende.

Yaliyotokea ofisini niliyapata baadaye kwa Karani Mkuu, aliyekuwa amesimama pale pale. Baba mdogo aliegemeza jembe kwenye mwimo wa mlango, akavua kofia, akasema, "Kamwene, wenye nyumba."

Bwana Waya aliijua salamu ya Kihehe. "Kamwene. Una haja gani, mzee?"

"Nina haja, ndiyo. Katika nyumba hii nimeona kitu kimenipendeza."

"Kitu gani?"

"Kazi."

"Ah. Umepata kuifanya kazi kabla?"

"Tangu ujana wangu. Uliza Ipogolo yote. Uliza mpaka Kalenga."

"Na ulizozifanya zimesimama?"

"Zimesimama. Moja tu ilivunjika."

"Moja si mbaya," akasema Bwana Waya, ambaye wakati huo alikuwa akihangaika na mashimo ya nguzo za barabara ya Mbeya yaliyochimbwa mafupi, nguzo zikalala kwa mvua. Akachungulia mlangoni. "Hilo jembe ni lako mwenyewe?"

"Nimekuja nalo. Jipya."

"Vizuri sana! Wengine huja mikono mitupu." Akamwita mtunza stoo. "Lichukue jembe la mzee huyu, uliweke ndani."

Baba mdogo aliliangalia jembe lake likivuka kizingiti. Hakuhitaji neno jingine. Akaandikisha jina lake na mahali anapokaa, kwa sababu aliulizwa, naye aliona ni heshima kuulizwa. Akaaga. Karani Mkuu aliniambia hakuona ajabu yoyote, maana kwao pwani mshenga haendi na jembe. Aliona mzee, aliona jembe, akaandika mchimbaji.

Baba mdogo alianza kuimba tangu darajani. Tulimsikia kabla ya kumwona. "Limeingia!" akasema. "Jembe limeingia ndani, na mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyeamuru." Mama mdogo akapiga vigelegele, majirani wakaja, jogoo akachinjwa. Nililala nimeshiba, nikawaza nitakavyomwandikia mama yangu.

Ndipo Jumatatu likaja lile lori nililolitaja mwanzo, na dereva akaita mzee wa jembe.

Baba mdogo alimtazama dereva, kisha akanitazama mimi, na uso wake ukawa wa mtu aliyekwenda kumposea mtoto wa ndugu yake akaambiwa bibi harusi yuko tayari, twende kanisani. Mama mdogo alielewa kabla yetu. "Luhwago, umejioza mwenyewe!" Majirani waliokula jogoo wetu wakashika matumbo kwa kucheka. Mzee mmoja akapaza sauti ng'ambo ya njia, "Na sisi tulikuwa tunakuamini na mabinti zetu!"

"Nyamazeni," akasema baba mdogo. "Safari ya pili ilikuwa bado. Leo ndiyo safari ya pili. Kijana, vaa suti yako."

Nikavaa suti, nikachukua diploma yangu kwenye bomba lake la bati, tukapanda lori wote wawili. Dereva akanitazama kuanzia viatu hadi tai. "Na wewe ni nani?"

"Mimi ndiye bwana harusi," nikamjibu. Nilikuwa na hasira, lakini yeye alicheka mlima mzima.

Bwana Waya alikuwa uani kwenye nguzo zilizopakwa lami. Aliponiona alikunja uso kidogo, kama mtu aliyekutana na deni. Baba mdogo hakumpa nafasi ya kusema.

"Bwana, siku ile nilikuja na haja na mkaipokea. Leo namtaja mwenyewe. Mwenye haja ni huyu, Mwalyego, mtoto wa dada ya mke wangu. Mimi ni mshenga tu."

"Mshenga?" Bwana Waya akamgeukia Karani Mkuu. Karani Mkuu akaeleza, na kadiri alivyoeleza sauti yake ya pwani ilizidi kuvunjika kwa kicheko, mpaka ikambidi ageuke ukutani. Bwana Waya hakucheka. Alikaa juu ya nguzo.

"Kwa hiyo jembe lilikuwa..."

"Ni jembe la posa, Bwana. Na limeshaingia."

Nikaona ndiyo nafasi yangu ya kujua kile nilichokuwa nakitaka siku zote. Nikamuuliza, "Bwana, naomba nijue. Majibu yangu ya intavyuu yalikuwa na kosa?"

"Yalikuwa bora kuliko ya watu wote," akasema. Nawaambia alivyosema, siongezi neno. "Lakini nimekwisha kuajiri vijana wawili waliotoka Rodesia. Nikawafundisha. Wa kwanza aliondoka akiwa na vyuma vyangu vya kupandia nguzo bado miguuni. Na wewe uliniambia mwenyewe kwamba kule wanakusubiri. Nikasema, nikimkubali leo, kesho hayupo. Nikimkataa, nimepoteza fundi. Basi nikasema bado."

Kumbe waya haukuwa umekatika. Maneno yangu mwenyewe yalikuwa yamegusana.

"Akiondoka," Bwana Waya akamuuliza baba mdogo, "mimi nitamdai nani?"

"Utaniita mimi," akasema baba mdogo, kama mtu aliyeulizwa jua linatoka wapi. "Ndiyo kazi yenyewe ya mshenga. Kuposa ni siku mbili tu. Ndoa ikigombana, anaitwa mshenga. Mke akirudi kwao, anaitwa mshenga. Huyu akikimbia, tuma mtu Ipogolo, utanikuta. Nitamfuata popote alipo."

"Hata Rodesia?"

"Kuna barabara?"

"Ipo."

"Basi."

Bwana Waya alinyanyuka akatushika mkono, baba mdogo kwanza halafu mimi. Siku hiyo hiyo nikavuliwa suti nikapewa vyuma vya kupandia, vile vyenye meno vinavyofungwa miguuni, na mkanda wa ngozi wa kujifunga kwenye nguzo. Kabla ya jua kuzama nilikuwa juu, naona Ipogolo yote chini yangu. Mwisho wa likizo ulipofika, lori la wakala liliondoka Mbeya bila mimi, na mama yangu aliniambia alikwenda kusimama barabarani kulitazama likipita, ahakikishe.

Na baba mdogo naye? Bwana Waya alimwambia, "Mzee, nahitaji mtu wa kuzungumza na wenye mashamba nguzo zinapopita. Ungependa?" Baba mdogo akasema si heshima kujibu papo hapo. Wiki iliyofuata alimtuma jirani yake, na jembe. Bwana Waya, nasikia, alilipokea kwa mikono miwili. Baba mdogo alifanya kazi ile misimu mitatu, kisha akarudi kwenye vitunguu vyake. Sikumwona mwenye shamba hata mmoja aliyemshinda kwa maneno.

Niseme kidogo kazi ilivyokuwa. Laini tuliigawa vipande, kila kipande na kikundi chake chini ya Inspekta wa Laini. Waya tuliukaza kwa roda na kamba, lakini hatukuukaza sana, maana asubuhi ya baridi ya Mufindi waya hujikunja na kukatika wenyewe, na joto la Usangu huulegeza. Kulegea kule tulikuita tumbo, na fundi mzuri alijulikana kwa tumbo la waya wake. La kwangu, mainspekta walikuja kulitazama. Tembo walijikuna kwenye nguzo zetu mpaka zikalala. Twiga walipita na waya shingoni. Watu nao walikata shaba wakatengeneza bangili, na ukienda harusini ungeweza kuona nusu ya laini yako ikicheza ngoma.

Nilipelekwa Igawa, kambi ya mahema kando ya barabara, na hapo ndipo ahadi ya baba mdogo ilipopimwa. Msimamizi wangu wa zamani wa mgodini aliniletea ujumbe kwamba nafasi ya mkuu wa simu za mgodi iko wazi, pamoja na nyumba ya matofali. Wakati huo huo Bwana Waya alikuwa amempandisha kijana mwingine kuwa fundi kamili, kijana mzuri lakini hana diploma, na mimi nikabaki fundi msaidizi. Na waliponiita kazini waliniita "boi wa Rodesia". Nikamwambia Inspekta wa Laini naondoka. Hakubishana. Alizungusha mkono wa simu, akaongea na Iringa maneno machache.

Siku ya pili yake baba mdogo aliteremka kwenye lori hapo Igawa, amejaa vumbi, amevaa koti lake la ushenga. Alikaa hemani kwangu, akakataa chai.

"Nimeitwa. Naambiwa kwenye nyumba yako hakuna amani."

"Baba mdogo, hii ni kazi."

"Amekupiga?"

"Hakunipiga."

"Amekunyima chakula?"

"Hapana."

"Ameleta mwingine ndani?"

Hapo nikasema, "Ndiyo. Ameleta mwingine, akampa ufundi. Mimi mwenye karatasi nimebaki msaidizi, na hata jina langu hawaliiti."

"Basi kuna neno," akasema, akainuka.

"Ngoja kwanza, baba mdogo. Katika mambo haya, mimi ndiye mume au ndiye mke?"

"Inategemea leo nani ameudhiwa."

Bwana Waya alikuwa amekuja Igawa kwa ukaguzi, yuko kwenye hema la pili. Turubai halizuii sauti, nikasikia yote. Baba mdogo hakuniombea huruma. Alisema, "Mlikubali jembe langu. Mtoto amekaa, hakukimbia, ameomba ruhusa kama mtu mwenye adabu. Sasa na mimi nauliza upande wenu. Nyumba iliyomchukua mtu humpa jina. Nyinyi mmempa jina gani?"

Bwana Waya akajibu, "Mzee, aliniambia wakati wowote akitaka ataondoka. Nilikuwa bado nangoja nione."

"Umeona?"

"Nimeona."

"Basi usingoje tena. Kungoja kuna mwisho, hata kwa wakwe."

Kuanzia mwezi ule niliitwa Fundi Mwalyego, na mshahara wangu ukafuata jina. Ujumbe wa mgodini niliujibu kwa shukrani. Baada ya Igawa nilikwenda Mbeya chini ya Mkaguzi wa Mkoa, mtu nadhifu aliyepima kina cha mashimo kwa fimbo yake ya kutembelea. Kisha Iringa tena, bendera ikabadilika, Bwana Waya akaondoka, na siku moja nikakaa kwenye kiti chake mwenyewe. Niliajiri vijana wengi kutoka kiti kile. Nilipotaka kuwakataa niliwakataa, na nilipotaka kuwachukua niliwachukua. Neno bado sikulitumia.

Kwa hiyo kijana anayeniuliza afanye nini baada ya usaili namjibu hivi. Rudi, uliza. Lakini usiulize tu kama umepata. Uliza wanachokiogopa. Ofisi ikinyamaza kuna kitu inakiogopa juu yako, na mara nyingi ni kitu ulichojisifia wewe mwenyewe. Ukikijua, tafuta wa kukisimamia. Wanacheka. Wanasema mzee, siku hizi washenga hawaendi ofisini. Mimi nawaambia wanakwenda, tena kila siku, na huitwa wadhamini.

Nilipostaafu, Meneja wa Mkoa alinipa mkono na saa ya ukutani. Nikapanda basi la Mbeya, lakini nikateremka Ipogolo. Mama mdogo alikuwa ameshafariki. Baba mdogo alikuwa amekaa juani na blanketi mabegani, mzee kabisa, macho bado makali.

"Baba mdogo, nimeacha kazi."

"Mmegombana?"

"Hapana."

"Wamekufukuza?"

"Hapana. Umri umefika. Nimestaafu."

"Wenye nyumba wanajua? Mmeagana kwa mkono?"

"Tumeagana kwa mkono."

Akamwita mjukuu wake aliyekuwa jikoni. "Mwambie baba yako aje na gari. Nitakwenda."

Sikuelewa. Yule mjukuu ndiye aliyenieleza, akiwa ameduwaa kuliko mimi. Baba yake, mwana wa baba mdogo, alikuwa amemjengea mzee nyumba nzuri Mafinga miaka mingi iliyopita, wakimbembeleza kila Krismasi ahamie, na kila Krismasi alikataa bila kutoa sababu. Walidhani ni ukaidi wa uzee, au kaburi la mke wake.

"Baba mdogo," nikamuuliza, "kwa nini hukuhama siku zote hizo?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa jambo la kitoto.

"Niliwaambia watanikuta Ipogolo. Wangetuma mtu, wakanikosa?"

Jumamosi iliyofuata tulimpakilia vitu vyake, akahamia Mafinga.